Uzi: Pinboli zinazoundwa upya zimeifanya nini bei ya orijino?

Fundi Koili

Wakuu, salamu kwenu. Kila nikipita humu nakuta swali lilelile limekuja kwa sura nyingine: mashine ya pinboli ya zamani bado ni mali ya kuweka, au hizi zinazoundwa upya zimeshaimaliza bei yake? Mimi ni fundi wa mashine hizi huku Illinois, natengeneza kuukuu na mpya, na wateja wangu wengi ni wakusanyaji. Naweka ninachokijua, mwenye la kuongeza aongeze.

Kwa mgeni wa mambo haya, pinboli ni ile meza iliyoinama yenye kioo juu. Mpira wa chuma unagonga vizuizi na kuwasha taa ndani yake, na mchezaji ana vitufe viwili ubavuni vya kupigia flipa, vile vijikono vya chini, ili mpira usizame. Chicago ndiko kwao. Kuanzia 1988 majina mawili makubwa, Williams na Bally, yalikuwa chini ya kampuni moja, na katika miaka ya 1990 walitoa mashine ambazo watu hawajaacha kuzitamani. Oktoba 1999 kampuni ikafunga idara yake ya pinboli. Stern, watengenezaji wengine wa pinboli, ikabaki karibu peke yake duniani kwa zaidi ya miaka kumi. Mashine za Williams na Bally zikawa kitu kisichoongezeka: zinachakaa, zinaungua, zinaingiwa na maji kwenye vyumba vya chini ya nyumba, na hakuna mpya inayokuja kujaza pengo.

Tuchukue Medieval Madness. Ilitoka 1997, mbunifu wake Brian Eddy, na zilitengenezwa 4,016. Juu ya meza kuna ngome yenye daraja la kuinuliwa. Unalipiga mpaka linashuka, unavunja geti, unaingiza mpira ndani, na ngome nzima inatikisika huku minara ikilala. Mazimwi mawili yanachomoza kwenye ubao wa kuchezea yakitukana, unayagonga vichwa. Sauti zake zilifanywa na waigizaji wa vichekesho wa Chicago, akiwemo Tina Fey kabla jina lake halijavuma. Kwa miaka mingi mashine hii imekuwa kileleni mwa orodha za wachezaji, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 iliyo nzuri ilikuwa inavuka dola 10,000.

Mwaka 2013 likaja tangazo. Planetary Pinball Supply, wenye leseni ya Williams na Bally, na Chicago Gaming kama watengenezaji, wangeiunda upya. Toleo la kwanza lingekuwa la idadi maalumu, mashine 1,000, kila moja karibu dola 8,000. Zilianza kufika kwa wateja 2015. Zikafuata Attack from Mars mwaka 2017, kisha Monster Bash, kisha Cactus Canyon iliyotangazwa 2021.

Soko halikungoja mashine ya kwanza itoke kiwandani, tangazo lenyewe lilitosha. Mwenye orijino iliyochoka, ubao umelika rangi, ngome imepasuka, ghafla mnunuzi wake alikuwa na njia ya pili: alipe pungufu, avumilie, apate mpya yenye dhamana. Waliokuwa wanataka kuuza wakauza harakaharaka, na wingi wa wauzaji kwa wakati mmoja ukazidi kuisukuma bei chini.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Bei ya orijino kabla ya 2013 ilikuwa imebeba wateja wawili ndani yake. Wa kwanza anataka kucheza. Anaupenda mchezo, anataka uwe sebuleni kwake, taa ziwake, mpira uende. Wa pili anataka kitu chenyewe, kilichopita mikononi mwa wafanyakazi wa Williams 1997, chenye namba yake, bodi zake na karatasi zake. Kwa kuwa wote wawili walilazimika kugombea zile 4,016, tuliona bei moja tukadhani ni thamani ya aina moja. Toleo jipya limemtoa yule wa kwanza kwenye foleni. Bei iliyobaki ni ya yule wa pili, na yeye huchagua sana.

Ndiyo maana anayesema "bei imeanguka" na anayesema "bei imesimama" wanaweza wote kuwa sahihi, maana wanazungumzia mashine tofauti zenye jina moja. Orijino ya kuchezea, iliyokaa baa miaka kumi, imefungwa kwenye bei ya toleo jipya. Ikikaribia bei hiyo, mnunuzi anaondoka. Orijino safi, ambayo ubao wake haujalika na sanduku halijafifia kwa jua, haikufuata njia hiyo. Hiyo inauzwa kwa watu ambao toleo jipya hawalitaki hata ukilipunguza bei.

Niwaonyeshe tofauti kwa macho. Ukifungua kichwa (lile sanduku lililosimama nyuma ya meza) cha Medieval Madness ya 1997 na kusogeza paneli ya taa, unakutana na bodi kubwa tatu: ya kompyuta, ya kuendesha umeme wa koili (zile sumaku za umeme zinazosukuma flipa), na ya sauti na picha. Kwenye ile ya kompyuta kuna betri tatu ndogo za AA za kutunza kumbukumbu ya alama. Hapo ndipo pa kutazama kwanza. Kama mwenye nayo hakubadilisha betri, zimevuja, na maji yake yametambaa kwenye njia za shaba yakaacha ukoko wa kijani. Nimeona mashine inayong'aa nje, ubao kama kioo, lakini bodi imeliwa kiasi kwamba kila waya unaougusa unabaki na chembe mkononi. Mwenye mali alipoiona akaelewa mara moja kwa nini mnunuzi alikuwa anasitasita.

Ukifungua kichwa cha toleo jipya, nafasi kubwa iko wazi. Kuna skrini, kuna bodi chache ndogo, na kompyuta ndogo ya kisasa inayoendesha programu ileile ya 1997 kwa kuiga bodi za zamani. Sheria za mchezo ni zilezile na sauti ni zilezile. Taa zote ni LED.

Nakaribisha maswali.

Binti wa Ngamiani

Shukrani kwa uzi, kaka. Mimi niko Minnesota, mume wangu ndiye mwenye ugonjwa huu, mimi nimeambukizwa tu kwa kuishi naye. Swali langu ni moja. Kama programu ni ileile na mchezo ni uleule, huyo mteja wa pili anailipia nini hasa hela ya ziada? Tumecheza zote mbili kwenye maonyesho, kwa kweli mimi sikuona tofauti ya mpira unavyokwenda.

Fundi Koili

Dada, swali zuri. Tofauti ya mpira ni ndogo, na mchezaji wa kawaida hataiona. Mtu aliyeizoea orijino kwa miaka atakwambia flipa zinahisi tofauti kidogo, lakini hata orijino mbili hazifanani, inategemea nani alizifunga na lini.

Kinacholipiwa ni mambo mawili. La kwanza ni asili ya kitu, hilo sina haja ya kulieleza sana. La pili ni ufundi, na hili wengi hawalizungumzii. Bodi za 1997 kwa sehemu kubwa zilijengwa kwa vipande vyenye miguu inayopenya kwenye tundu na kulehemiwa upande wa pili. Transista ya koili ikiungua, fundi yeyote mwenye mkono anaichomoa, anaweka nyingine ya dola chache, kazi imeisha. Michoro ya bodi hizo inapatikana, mafundi wanaijua. Toleo jipya lina vipande vidogovidogo vilivyobandikwa juu ya bodi, na taa za chini ya ubao ziko kwenye bodi zake maalumu. Ikiharibika, mara nyingi unabadilisha bodi nzima. Leo hilo si tatizo, bodi zinapatikana. Mkusanyaji anayefikiria miaka thelathini mbele anajiuliza bodi hiyo ataipata wapi mtengenezaji akishaacha kuitoa.

Kwa upande mwingine, mnyonge tumpe haki yake. Orijino ina skrini ya gesi ya rangi ya chungwa inayotaka umeme wa zaidi ya volti 100, na skrini hizo huchoka. Balbu zake zina joto, zinapindisha plastiki na kufifisha picha ya kichwani. Toleo jipya halina shida hizo, na matoleo yake ya juu yana picha za rangi. Kwa familia inayotaka kucheza kila jioni na kutoniita kila mwezi, mimi mwenyewe huwaelekeza kwenye toleo jipya, ingawa kazi yangu ni kutengeneza zinazoharibika.

Mzee wa Kariakoo

Fundi, hoja yako ya wateja wawili naielewa ila sikubaliani nayo yote. Nyie mnaongea kana kwamba uchache ndio bei. The Addams Family ya 1992 walitengeneza zaidi ya 20,000, na bado mtu akiitangaza inaondoka siku hiyohiyo kwa maelfu ya dola. Wakati huohuo kuna mashine zilizotoka mia chache ambazo hakuna anayezitaka. Mimi naona kilichoshusha Medieval Madness kilikuwa hofu tu, na hofu ikipita bei inarudi. Na kweli ilirudi, tuliona wakati wa korona.

Fundi Koili

Shikamoo mzee wangu. The Addams Family zilitoka 20,270, na kwa rekodi hiyo ndiyo iliyouzwa kuliko zote za enzi zake. Uko sahihi kwamba uchache peke yake hauleti bei. Bei inaletwa na watu wangapi wanakitaka dhidi ya vingapi vinapatikana sokoni mwezi huu. Mashine 20,270 ni nyingi, ila nyingi zilichakaa kwenye kumbi za michezo, na wanaoitaka ni wengi zaidi, pamoja na watu ambao hawajawahi kumiliki mashine nyingine yoyote, wanaikumbuka hiyo tu kutoka utotoni.

Lakini tazama pia kwamba hiyo hakuna aliyeiunda upya. Ina filamu ndani yake, ina sura na sauti za waigizaji, na kila mwenye haki anataka kukaa mezani. Twilight Zone ya 1993 iko kwenye hali hiyohiyo. Angalia zilizotangulia kuundwa upya: Medieval Madness na Attack from Mars ni hadithi za kiwanda chenyewe, hakuna filamu wala mwigizaji wa kumwomba. Monster Bash ilikuwa na majini ya filamu za Universal, ikabidi leseni hiyo ipatikane. Kwa hiyo mwenye orijino yenye leseni ngumu analindwa na wanasheria, na soko linalijua hilo, linaliweka kwenye bei.

Kuhusu korona, mzee, hapo nina neno. Mwaka 2020 na 2021 kila kitu cha kuchezea nyumbani kilipanda. Orijino zilipanda, matoleo mapya yalipanda, hata mashine mbovu zilizokaa uani zilipata wanunuzi. Haikuwa Medieval Madness kurudi mahali pake. Na muda uleule bei ya mashine mpya za dukani nayo ikapanda. Sasa Stern ya kawaida ni karibu dola 7,000, ya kati karibu 9,700, na ya idadi maalumu karibu 13,000. Hiyo ndiyo dari mpya. Mtu anayeona mashine mpya ya duka ni dola 9,700 haoni ajabu kulipa kiasi kama hicho kwa orijino ya 1997. Ukitazama orijino peke yake utasema imepona. Ukiilinganisha na mashine mpya, utaona nafasi yake ya zamani haijairudia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Medieval Madness nzuri ilikuwa ghali kuliko karibu mashine yoyote mpya dukani, leo zinakaa jirani.

Mzee wa Kariakoo

Marahaba. Hiyo ya kulinganisha na bei ya mashine mpya sikuwa nimeiweka kwenye hesabu. Hilo nakubali. Ila hofu bado naiona kubwa kuliko unavyoikiri. Mwaka ule wa tangazo watu waliuza mashine nzuri, siyo chakavu tu, kwa sababu walidhani zitakuja nyingi bila mwisho.

Fundi Koili

Ni kweli waliuza, mzee, na waliokuwa na subira wakazinunua. Hata leo uvumi unafanya kazi hiyo. Likivuma tu kwamba jina fulani linaundwa upya, matangazo ya orijino yake yanajaa mtandaoni wiki ileile, kabla hata hakuna aliyethibitisha.

Dereva wa Hamburg

Wakuu, nawasalimu kutoka Ujerumani. Huku mchezo huu wanauita "flipper" na ulikuwa kila kona, kwenye baa na vituo vya mafuta. Sehemu kubwa ya mashine za Williams na Bally za miaka ya 1990 zililetwa Ulaya, kwa hiyo orijino huku zipo, ila zimefanya kazi kweli. Yangu ni Attack from Mars ya 1995. Sanduku lina alama za kufuli mbili za ziada alizofunga mwenye baa, na mlango wa sarafu umetobolewa mara mbili.

Nataka kuongeza jambo moja. Hiyo dari anayosema Fundi, huku iko juu zaidi. Toleo jipya likitoka Chicago, ongeza meli, ongeza forodha, ongeza kodi ya mauzo ya huku, ongeza faida ya wakala. Linapofika mlangoni kwangu bei yake siyo ile mnayoiona nyie. Ndiyo maana orijino ya kuchezea huku haikusukumwa chini sana kama huko kwenu. Nimefuatilia matangazo ya pande zote mbili kwa muda, na pengo linakaribiana na hizo gharama za njiani.

Fundi Koili

Mkuu, umeongeza kitu cha maana. Na kuna historia ya kinyume chake pia. Kuna wakati wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wanazirudisha mashine kutoka Ulaya kwa makontena, kwa sababu huko zilikuwa rahisi na huku wakusanyaji wanazitaka. Nyingi za hizo ndizo zilizojaza soko la orijino za kuchezea. Kwa hiyo mnunuzi wa Marekani akikuta maelekezo ya Kijerumani au Kifaransa kwenye kadi ya mashine, au alama za sarafu za Ulaya, asishangae, ila ajue imefanya kazi ya baa na aikague ubao kwa makini.

Attack from Mars orijino zilikuwa 3,450. Yako yenye matundu ya kufuli ipo kwenye kundi lile lililoguswa zaidi na toleo la 2017. Siyo habari njema kwa kuuza, lakini kwa kucheza umefaidika. Toleo jipya limefanya vipuri virudi sokoni. Plastiki, njia za kupanda mpira, mbao mpya za kuchezea, vyote hivyo zamani tulikuwa tunavitafuta kwa kupigiana simu. Sasa mashine ambayo ningemwambia mwenye nayo aivunje kwa vipuri, naifufua. Maana yake bei ya chini kabisa ya orijino, ile ya mashine iliyokufa, imepanda kidogo, kwa sababu sasa ina matumaini. Watu wanaangalia tu pale ambapo bei ilishuka.

Kipchoge wa Dallas

Niaje wadau. Mimi nauliza juu ya zile chache sana. Nilisikia Big Bang Bar ya Capcom zilikuwa kumi na nne tu duniani. Hiyo nayo iliundwa upya. Sasa wale wenye zile kumi na nne walilia ama?

Fundi Koili

Ndugu Kipchoge, hii ndiyo kesi inayonifurahisha kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nikiirefusha.

Capcom, kampuni ya michezo ya video, waliingia kwenye pinboli katikati ya miaka ya 1990 na wakafunga kabla Big Bang Bar haijaingia uzalishaji kamili. Zikabaki zile 14 za majaribio. Karibu hakuna mtu aliyewahi kuicheza, walioijua waliijua kwa picha na kwa kusikia. Miaka ya 2006 na 2007 kampuni moja ya hapa Illinois ikaitoa upya, karibu mashine 190, kwa dola 4,500 kila moja.

Kwa hesabu ya kawaida, kutoka 14 kwenda zaidi ya 200 ni wingi mara kumi na nne au kumi na tano, kwa hiyo bei ingekufa. Haikufa. Kabla ya hapo mashine ilikuwa hadithi. Baada ya hapo watu mia mbili walikuwa nayo nyumbani, marafiki zao wakaicheza, wakaipeleka kwenye maonyesho, na ikaonekana ni mchezo mzuri kweli. Idadi ya wanaoitamani iliongezeka kuliko idadi ya mashine. Zile za 2007 zenyewe zikaanza kuuzwa kwa bei zilizoacha mbali sana ile dola 4,500, yaani toleo jipya likawa nalo kitu cha kukusanya. Na zile 14 zikabaki katika daraja lao, maana aliyenazo ana kitu ambacho hata mwenye toleo la 2007 anakiheshimu.

Sasa ilinganishe na Cactus Canyon. Orijino zilitoka 903 tu mwaka 1998, kwa sababu kiwanda kilikatiza uzalishaji kupisha Pinball 2000, mradi wao wa pinboli za mfumo mpya. Programu yake ilitoka haijakamilika, kuna sehemu za mchezo hazikuwahi kumaliziwa. Wakusanyaji walikuwa wanalipa hela nyingi kwa mchezo ambao wote walijua ni nusu. Toleo la Chicago Gaming likaja na ahadi ya kuukamilisha, na kazi hiyo alipewa Lyman Sheats, yule aliyeandika programu za Attack from Mars, Medieval Madness na Monster Bash. Alifariki Januari 2022, na wengine wakaendeleza. Hapa toleo jipya linatoa zaidi ya orijino. Anayetaka mchezo uliokamilika hana sababu ya kutafuta ya 1998. Kwa hiyo orijino ya Cactus Canyon imebaki na mteja mmoja tu, anayeitaka kwa uchache wake na kwa kuwa ni ya mwisho mwisho kutoka mikononi mwa kiwanda kile. Huyo yupo, na analipa, ila ni mmoja.

Kwa hiyo swali la kujiuliza siyo ziliongezeka ngapi. Jiulize je, toleo jipya limewapa watu wapya nafasi ya kuujua mchezo, au limewapa waliokuwa wakiujua mbadala wa bei nafuu? Big Bang Bar ilikuwa la kwanza. Medieval Madness ilikuwa la pili, kila mtu alishaijua.

Binti wa Ngamiani

Hapo umenifungua macho. Na zile ambazo Stern wanarudia wenyewe? Mume wangu anasema Iron Man yake ilimpa presha mwaka fulani.

Fundi Koili

Iron Man ni mfano mzuri, dada. Ilitoka 2010, wakati soko limelala, haikutoka kwa wingi. Baadaye watu wakagundua ni mchezo mkali na wa haraka, ikaanza kupanda. Mwaka 2014 Stern wakaitoa tena, na bei ya zile za 2010 ikashuka kuelekea ile mpya. Hapa hakuna hata suala la asili: kampuni ileile, mashine karibu ileile, tofauti ya miaka minne. Kwa hiyo mteja wa pili hakuwepo wa kuishikilia bei. Mwenye mashine ambayo mtengenezaji wake bado yupo na bado ana leseni asiihesabu kuwa mali adimu, kiwanda kinaweza kuwasha mitambo wakati wowote.

Juma Muscat

Assalaam aleikum. Mimi sina mashine, nafikiria kununua Medieval Madness kutoka Marekani niilete huku. Muuzaji anasema ni orijino ya 1997 iliyofanyiwa ukarabati, ubao mpya, stika mpya za sanduku, taa za LED. Bei yake iko juu ya toleo jipya. Nitajuaje siuziwi toleo jipya kwa bei ya orijino? Na je, ukarabati wote huo unaongeza au unapunguza?

Fundi Koili

Waaleikum salaam, mkuu. Kwanza, kuzitofautisha si kazi ngumu kama utaomba picha zinazotakiwa. Mwambie afungue kichwa apige picha bodi zote. Orijino ina zile bodi tatu kubwa na kile kishikio cha betri tatu. Ukiona kompyuta ndogo na nafasi tupu, hiyo si ya 1997, hata kama sanduku linasema hivyo. Omba pia picha ya kibandiko cha namba ya mashine, na picha za chini ya ubao ukiwa umeinuliwa. Nyaya za orijino zimefungwa kwa mafungu manene, na vishikio vya balbu ni vya chuma. Mwambie aiwashe na apige video ya ngome ikilala na mazimwi yote mawili yakipanda.

Pili, ukarabati. Hapa wengi wanaumia. Ubao mpya na stika mpya zinaifanya mashine ivutie na icheze vizuri, lakini yule mteja wa pili niliyemsema anataka ubao wa 1997, hata wenye mkwaruzo kidogo. Ukishautoa, mashine yako imehama kundi. Imekuwa ya kuchezea, nzuri sana, lakini inashindana na toleo jipya uso kwa uso, na toleo jipya lina dhamana. Kwa hiyo hiyo mashine uliyotajiwa, mimi nisingelipa juu ya bei ya toleo jipya, isipokuwa ubao wa zamani umehifadhiwa na unakuja nayo. Muulize hilo hasa. Wapo wanaouweka.

Na umeme wa Oman ni volti 240, mashine ya Marekani imepangwa kwa 120. Orijino ina transfoma yenye plagi ya kubadilisha njia za umeme. Mwelekeze fundi asome kitabu cha mashine kabla ya kuichomeka.

Juma Muscat

Allah akubariki. Na ule mpango wa kulipa kabla, wa kampuni zinazotangaza kuunda upya? Kuna rafiki ananishawishi tuweke oda ya mashine ya miaka ya 1980.

Fundi Koili

Hapo nakuomba uwe mwangalifu sana. Chicago Gaming ni tawi la Churchill Cabinet, watu waliokuwa wanatengeneza masanduku ya pinboli tangu enzi za viwanda vyenyewe, kwa hiyo walikuwa na karakana, mashine na mbao kabla hawajatangaza chochote. Hata wao walichelewa, toka 2013 mpaka 2015. Sasa kuna kampuni ndogo zinazoanza na leseni na mchoro tu, zinakusanya hela za oda ili zijenge karakana. Kampuni moja ya Australia iliunda upya Fathom, mashine ya Bally ya 1981, na zilizotoka zilikuwa nzuri kwelikweli. Ikachukua oda za mashine ya pili, na 2024 ikaanguka huku watu wamelipa na hawajapata kitu.

Na kwa bei ya orijino hili lina athari yake. Wenye Fathom za 1981 walioshusha bei kwa kuogopa toleo jipya, baadaye wakakuta toleo jipya halitoki tena. Kampuni ikianguka, matoleo machache yaliyotoka yanageuka kuwa adimu, na vipuri vyake maalumu havina wa kuvitoa.

Mwambie rafiki yako aulize maswali matatu: karakana iko wapi, mashine ngapi zimeshafika kwa wateja, na hela ya oda inakaa akaunti ya nani. Asipojibiwa yote matatu, msubiri mashine ionekane dukani ndipo mlipe.

Dereva wa Hamburg

Fundi, kabla uzi haujaenda mbali. Attack from Mars yangu, nimeifungua jana baada ya kusoma hapa. Betri mbili zimevuja, ila ukoko naona uko kwenye kishikio tu. Nikisafisha nitakuwa nimeharibu thamani ya mkusanyaji?

Fundi Koili

Hapana mkuu, safisha leo. Toa betri, pitisha siki nyeupe kwa brashi laini kwenye ukoko, kisha maji safi kidogo, kisha spiriti, acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Kishikio hicho kitoe, weka kingine cha nje chenye waya, ukifunge mbali na bodi ili siku zikivuja tena zisiiguse. Bodi yenyewe ibakize ileile, usiibadilishe na mpya. Piga picha za karibu za njia za shaba chini ya kishikio ukishakitoa, uziweke hapa, niangalie kama kuna iliyokatika.